Ukinunua ulezi wa mbege, nunua unaoota

Anayepika mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya shughuli nyumbani, iwe kipaimara, mahari au Krismasi, hela yake kubwa inaishia kwenye ndizi na ulezi. Kwenye ndizi watu wako macho. Kwenye ulezi wengi wanauliza bei tu, na hapo ndipo wanapopigwa.

Ulezi wa mbege kazi yake ni kuota. Unaulowesha, unaufunika mpaka utoe mizizi, unauanika juani, unausaga, ndipo unapata kimea cha kupikia mso, yaani uji wa kimea unaochanganywa na ndizi. Ulezi uliokaa ghalani miaka hauoti, au unaota nusu. Ukiupika unapata uji wa kawaida tu, na nyalu yako, yaani ndizi zilizopikwa na kuachwa zichachuke, inakosa kitu cha kuiamsha. Gunia la namna hiyo hata ukiuziwa nusu bei bado umelanguliwa.

Kwa hiyo kabla sijanunua kwa wingi, naomba kiganja kimoja cha kwenda kujaribu. Nahesabu punje 100, naziweka kwenye kitambaa chenye unyevu, nakifunga na kukiweka mahali penye joto. Baada ya siku mbili tatu nakifungua. Zikiota 90 au zaidi, narudi sokoni na gunia. Zikiota 60, naachana nao, kwa sababu ningelipia sado kumi nikapata kimea cha sado sita. Muuzaji mwenye mzigo mzuri hakatai jaribio hili. Anayekuja juu ameshakujibu.

La pili ni mchanga. Ulezi ukipurwa chini unabeba udongo, na kwa kuwa punje zake ni ndogo sana, kupeta peke yake hakuutoi wote. Chota konzi moja utie kwenye kikombe cha maji, ukoroge, usubiri kidogo. Makapi yataelea, mchanga utatulia chini kabisa. Ukiuona umetanda kitako kizima cha kikombe, jua unanunua udongo kwa bei ya nafaka, halafu wageni watautafuna.

Vipimo navyo vina mambo yake. Sado ni kopo la lita 4, debe ni lita 20, kwa hiyo debe linapaswa kutoa sado tano. Zidisha bei ya sado kwa tano uone kama debe lina nafuu kweli. Angalia pia kitako cha kopo: likibonyezwa kwa ndani, kila sado inakupunja. Muulize mapema kama anajaza kilele au anafuta kwa kijiti, maana hapo kuna tofauti ya viganja kadhaa. Penye mizani, pima kwa kilo, mabishano yanaisha.

Kuna kimea kilichokwishasagwa, na wenye haraka wanakipenda. Mimi sikishauri. Ukikiona bado hakijasagwa, kivunje ukinuse: kizuri kina harufu tamu na vimizizi vilivyokauka vizuri. Chenye madoa meusi au harufu ya ukungu kiache hapo hapo, hata ukipewa bure, kwa sababu sumu ya ukungu haiishi kwa kupikwa. Kikishakuwa unga, hayo yote huwezi kuyaona. Msesewa, gome chungu la mti linalotiwa kwenye mbege, ni hivyo hivyo: nunua magome mazima utwange mwenyewe. Unga wa gome lolote unaweza kuitwa msesewa, na msesewa wenyewe unatakiwa kidogo tu.

Kwenye ndizi nitasema moja. Mkungu mbichi wenye vidole vyenye kingo kali haujakomaa. Utaiva kwa rangi, lakini sukari itakuwa haba. Tafuta vidole vilivyojaa na kuviringika. Kama una muda wa kuvundika, nunua mbichi. Kama huna, nenda jioni, muuzaji hapendi kurudi nyumbani na ndizi zilizoiva sana, na hizo ndizo mbege inazozitaka. Mchare, ambayo ni ndizi ya kupika, uache kwa ajili ya mtori, supu ya ndizi na nyama.

Vyombo? Sufuria kubwa kodi, hakuna haja ya kununua kitu cha kutumia mara mbili kwa mwaka. Ila pipa la plastiki usilifanyie ubahili. Mapipa ya bei chee sokoni mengi yalibeba kemikali, na mbege ni kinywaji kichachu kinachokaa humo na kunyonya kilichobaki. Nunua la chakula, au lile unalojua lilibeba mafuta ya kula.

Kinachobaki ni majira. Desemba watu wanarudi Kilimanjaro kutoka kila kona, na kila kinachoingia kwenye mbege kinapanda bei. Ndizi huwezi kuzihifadhi, lakini ulezi mkavu haushambuliwi sana na wadudu. Ununue mara baada ya mavuno, uuanike tena, uuweke juu ya kichanja mbali na sakafu, na mwezi wa kumi na moja ujaribu tena punje 100 kabla hujaulowesha.