Kuku 200 nyuma ya nyumba Bweyogerere: jibu langu kwa kaka aliyetoka Mwanza

Kaka, nimelisoma swali lako mara mbili. Umehamia Bweyogerere na familia, umenunua kiwanja cha futi 50 kwa 100, nyumba iko mbele, nyuma kuna nafasi, na unataka kuweka kuku wa mayai 200. Shemeji anasema lazima uende KCCA ukachukue kibali kwanza. Jirani yako anasema Uganda hakuna anayeuliza habari za kuku. Wote wawili wamekosea, ila shemeji amekosea kwa heri.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku Wakiso, huu mwaka wa 14. Kuku nawajua kwa faida na nawajua kwa aibu, kwa hiyo niruhusu nikuandikie kwa urefu.

Tuanze na mpaka, maana ndiko watu wanakopotelea. KCCA ni mamlaka ya Kampala, na Kampala ina divisheni tano tu: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Ukitoka mjini kwa barabara ya Jinja, ukiacha mtaa wa Banda ukaingia Kireka umeshatoka Kampala, hata kama nyumba zimeshikana na konda wa taksi anaita abiria vilevile. Bweyogerere iko Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso. Kampala ina sheria zake ndogo za mwaka 2006, zilizotungwa enzi za halmashauri ya jiji kabla KCCA haijazaliwa: kuna ya kilimo cha mjini, na kuna ya mifugo na wanyama wa kufugwa nyumbani. Hizo ndizo zinazotaka kibali na hazitaki mnyama wa mtu azurure. Ungekuwa Ntinda au Bukoto zingekuhusu moja kwa moja. Ukiwa Bweyogerere, ofisi yako ni manispaa. Nenda umwone afisa mifugo, kisha afisa afya, uwaulize wanataka nini kwa idadi hiyo ya kuku kwenye eneo la makazi, na uombe jibu lenye muhuri. Jibu la mdomo linaondoka na aliyelitoa siku akihamishwa.

Sasa, hata kama manispaa wangekuambia endelea tu, kuna sheria isiyojali uko upande gani wa mpaka. Sheria ya Afya ya Jamii ni ya mwaka 1935, ya wakoloni, na bado inauma. Inasema banda au jengo lolote la kufugia wanyama au ndege likijengwa, likiwekwa au likitunzwa kwa namna inayochukiza watu au kuhatarisha afya, hilo ni kero. Kero ikithibitika unaandikiwa notisi ya kuiondoa kwa muda uliotajwa, na ukipuuza unapelekwa mahakamani. Angalia maneno yenyewe: idadi ya kuku haimo. Kuku 20 wanaonuka ni kero. Kuku 200 wasionuka jirani anaweza asijue kama wapo.

Hilo nimelijua kwa kuandikiwa notisi.

Mwaka wa pili wa ufugaji wangu nilikuwa na kuku 150. Banda nililiegemeza kwenye ukuta wa uzio upande wa mashariki, kwa sababu pale palikuwa na kivuli cha mwembe. Ng'ambo ya ukuta anakaa bibi mmoja, Jjajja tunamwita wote, na jiko lake la nje liko hatua kama sita kutoka hapo. Sikufikiria. Nilifikiria kivuli cha kuku wangu tu.

Januari na Februari mambo yalikuwa shwari. Mvua za Machi zikaanza, Aprili zikakolea. Bati langu lilikuwa fupi upande mmoja, mvua ya upepo ikawa inaingia. Vyombo vya maji navyo nilikuwa nimeviweka chini kabisa, kuku wakawa wanavipindua. Kwa wiki mbili maganda ya kahawa niliyotandika yakageuka uji. Samadi ya kuku ikiwa kavu hainuki sana. Ikilowa tu, vijidudu vinaanza kuivunja na inatoa ile hewa kali inayochoma macho, amonia. Mtu akanishauri nimwage majivu. Nikamwaga. Harufu ikazidi! Baadaye afisa mifugo akanieleza kwamba majivu ni kama chokaa, yakikutana na samadi mbichi yanaisukuma ile amonia itoke kwa haraka zaidi. Dawa ni kutoa kilicholowa chote na kutandika kikavu, hakuna njia ya mkato.

Nzi wakaja. Jjajja akawa anafunika chakula kwa majani ya mgomba na bado wanaingia. Hakunisema. Waganda wazee hawakusemi, wanakusalimia vizuri kuliko jana. Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na mwenyekiti akampigia afisa afya.

Alifika kwa boda, kalamu sikioni. Mimi nikakimbilia ndani kutafuta karatasi zangu zote, hadi kadi za chanjo. Hakuziangalia. Aliuliza hivi: kutoka banda hadi jiko la jirani ni mita ngapi? Samadi inakwenda wapi, na kila baada ya siku ngapi? Maji ya kuoshea yanaelekea mfereji gani? Kuku akifa unamtupa wapi? Ruhusa ya kufuga aliuliza mwisho kabisa, akiwa ameshapanda boda. Nikapewa siku 14.

Ndiyo maana nakwambia, kaka: kibali kitafute, lakini usidhani kibali kinakulinda. Banda la makazi linafungwa na jirani. Ofisi inaandika tu.

Siku zile 14 nilizitumia hivi. Niliuza kuku 70, kwa hasara kidogo, kwa mama mmoja wa Kaleerwe. Nikalihamisha banda hadi karibu na dirisha la chumba changu mwenyewe. Hii nawashauri wote: likae mahali ambapo likinuka, wewe ndiye wa kwanza kukosa usingizi. Nikalielekeza mashariki-magharibi kwa urefu ili jua lisipenye ubavuni, nikarefusha bati, nikaweka mfereji wa paa unaopeleka maji mbali. Kuta nikajenga tofali hadi magotini, juu wavu mtupu. Vyombo vya maji nikavining'iniza usawa wa mgongo wa kuku. Maganda ya kahawa nikatandika unene wa kiganja kilichosimama, na kila asubuhi nageuza kwa reki. Penye unyevu nachota palepale, siahirishi hadi Jumamosi.

Samadi nafunga kwenye magunia siku hiyohiyo. Mwanzoni nilikuwa nalipa kijana aitupe. Siku hizi wenye mashamba ya migomba wananifuata wenyewe. Ukikosa mteja mwanzoni, gawa bure. Rundo la samadi nyuma ya nyumba ni barua ya mashtaka unayojiandikia.

Kisha nikaenda kwa Jjajja. Nilibeba trei moja ya mayai, nikapiga magoti mlangoni kama wanawake wa huku wanavyosalimia wakubwa, nikajaribu Kiganda changu cha kuungaunga. Mwanamke wa pwani anapiga magoti matopeni, mama yangu angeona! Lakini nikwambie kitu wewe mgeni. Kiswahili huku bado kina sifa ya kambini. Wazee wengi walikisikia kwanza kwa wanajeshi, na ukianza nacho unapodaiwa samahani, kinasikika kama amri. Jifunze salamu tu. "Wasuze otya nno, nnyabo" imenifungulia milango mingi kuliko karatasi yoyote. Jjajja alicheka matamshi yangu, akapokea trei. Tangu siku hiyo harufu ikianza, ananiita kwa jina la mwanangu juu ya ukuta kabla hajamwita mtu mwingine.

Turudi kwenye 200 zako, tufanye hesabu. Kiwanja cha 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, sawa na mita za mraba 465 hivi. Kuku wa mayai wa kufugwa chini, si kwenye vizimba, anataka nafasi: watano kwa mita moja ya mraba wanatosha, ukizidisha wanaanza kudonoana. Kwa hiyo 200 wanataka banda la mita za mraba 40. Ukitoa nyumba, shimo la choo, mahali pa gari na kamba ya nguo, banda hilo litagusa ukuta wa mtu, hakuna namna. Halafu kila kuku anatoa samadi mbichi kama gramu 100 kwa siku. Hao 200 ni kilo 20 kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo. Chakula ni kilo 22 hadi 24 kwa siku, yaani gunia la kilo 70 linakwisha siku ya tatu, na panapomwagika chakula panya wanahamia. Anza na 60. Nasema 60 kwa sababu hao mtu mmoja anawasafisha kabla ya kwenda kazini. Mvua za Oktoba na Novemba zikipita bila jirani kukuita, ongeza.

Kuhusu banda lenyewe: Sheria ya Mipango ya Maeneo (Physical Planning Act) ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo ukijenga la tofali na saruji hilo ni jengo, linataka idhini kama jengo jingine. La mbao na wavu linaloweza kuhamishwa halikuletei maswali mengi, na kwa mtu anayeanza ndilo bora hata kwa sababu nyingine: utakosea mahali pa kuliweka. Wote tunakosea. Pia soma upya mkataba wako wa kununulia. Kama kiwanja kiko ndani ya mradi wa nyumba zenye geti moja, mara nyingi mifugo imekatazwa mle mle, na hapo hakuna afisa wa kukusaidia.

Kwa LC1 nenda kabla ya kununua kifaranga hata kimoja. Mwenyekiti hana mamlaka ya kukupa kibali cha mifugo, usilipie muhuri ukidhani umepata. Unakwenda ili asikie kwako kwanza. Magomvi madogo ya majirani yanaanzia kwenye baraza lake, na akishakujua, malalamiko yakija atakutumia mtoto akuite badala ya kupiga simu manispaa.

Jogoo usiweke. Kuku wa mayai hawamhitaji ili watage, na jogoo wa mjini haangalii saa. Taa ya mlango wa jirani ikiwaka saa nane usiku kwake kumekucha. Mume wangu alimtetea wetu kwamba anatuamsha kwa alfajiri. Tukamla.

Magonjwa nayo yana sura ya ujirani, usiyaone kama hasara yako peke yako. Kideri kikiingia kwako kinawafuata kuku wa kienyeji wa mtaa mzima, na watakaolaumiwa ni wale wa banda jipya. Chanja kideri, gumboro na ndui kwa ratiba utakayopewa na daktari wa mifugo, na vifaranga nunua kwa mtu anayekupa kadi ya chanjo. Anayekufa mzike kwa kina ndani ya kiwanja chako au mchome, usimtie kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ukamtupa mferejini. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilipogundulika kwenye ndege wa porini waliokufa ufukweni mwa ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa kuku wa kufugwa, Kenya ilifunga mpaka kwa kuku wetu, na huku mtaani mtu mwenye banda alikuwa anatazamwa kama amebeba bomu. Waliopona macho ya watu ni wale ambao banda lao lilikuwa safi tangu zamani.

Na kwa yule dada aliyeuliza chini yako, anayepanga chumba kwenye mizigo, kama huku wanavyoviita vyumba vya kupanga vilivyoshikana, na anataka kuku watano: mwulize mwenye nyumba kwanza, na aandike. Notisi ya kero inaweza kumfikia yeye pia kama mwenye mali, na mwenye nyumba aliyeshtukizwa na afisa afya hakuachi umalize mwezi.

Kaka, kesho asubuhi chukua futi, pima kutoka unapotaka kuweka banda hadi kwenye dirisha na jiko la kila jirani, pande zote tatu. Angalia na maji ya mvua yanatelemkia kwa nani. Rudi na vipimo hivyo hapa, tukuambie wapi pa kuchimbia nguzo ya kwanza.