Maswali yenu: mwanga wa katikati, leza si leza

Juzi niliandika hapa kwamba jioni zangu zaishia kusimuleti mwanga kwa laptopu, si wa leza wala si wa taa ya kawaida bali ule wa katikati, na mkanimiminia maswali. Haya, nayajibu vile yalivyoingia.

Kaka, huo wa katikati ndio upi? (Kisauni)

Mawimbi ya leza yaenda kwa hatua moja kama gwaride, ya jua kila moja na lake. Lakini hata hayo ya jua yapatana kidogo ukiyatazama kwa karibu sana. Jua laonekana upana wa kama nusu digrii, yaani radiani 0.0093, sasa chukua urefu wa wimbi ugawanye kwa hiyo pembe wapata mikroni kama 60. Toboa vitundu viwili ndani ya umbali huo utaona ile mistari ya mwanga na giza iitwayo ya Young, viachanishe milimita moja hakuna kitu. Mwanga unaopatana lakini si mbali, basi ndio huo.

Ami, si upige hesabu mara moja tu yaishe? (Mji wa Kale)

Mwanangu, ningependa. Shida ni kwamba mwanga huu wataka ujue kila nukta yapatana vipi na kila nukta nyingine. Gridi, yaani ule wavu wa nukta za picha, ya 1024 kwa 1024 ina nukta milioni na ushei, ukizipanga wawili wawili ni trilioni na zaidi, memori yake terabaiti kama 17. Wimbi moja la leza kwa gridi hiyo hiyo ni megabaiti 16 tu. Laptopu yangu yenyewe ikifungua picha za harusi yahema.

Sasa wafanyaje? (huyo huyo, hachoki)

Mwezi wa tatu, saa sita mchana jua likiwa utosini, kaa chini ya banda la makuti utazame mchangani. Vile viduara vya mwanga, tundu liwe la pembetatu au limechanika vipi, mradi dogo, chini ni duara tu, kwa sababu kila nukta ya jua imepita hapo ikaangusha doa lake na madoa yamelaliana yakawa sura ya jua lenyewe. Makuti yakiwa juu mita 3, duara ni sentimita kama 3, nshapima kwa rula watu wananiangalia.

Basi mimi naiga jua. Nachukua wimbi moja safi, nalivuruga awamu (yaani wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake) kiholela lakini kwa ulaini, upana wa vurugu uwe sawa na ule umbali wa kupatana, nalisukuma mbele kwa Fourier ya haraka, ile FFT, hesabu ya kulivunja wimbi kuwa mawimbi sahili, kisha naligeuza kuwa nguvu ya mwanga (thamani yake mraba) na kuweka kando, halafu narudia na vurugu jipya, mwisho najumlisha. Wengi mwakosea hapa, mwajumlisha mawimbi kwanza ndio mwapiga mraba, yakauana yenyewe kwa yenyewe. Mraba kwanza!

Mara ngapi? (Likoni)

Chenga za picha zapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Mara 100 zabaki kama asilimia 10, ukitaka asilimia 1 ni mara 10,000, hakuna njia ya mkato hapo. Na seva katikati ya kazi tafadhali, mimi usiku mmoja stima ilipotea nikiwa nimefika elfu saba na kitu, sikuwa nimeseva hata moja na betri ilishakufa zamani.

Pembeni mwa picha yangu mwanga watokea upande wa pili. (Changamwe)

FFT yadhani gridi yako yajirudia, ukitokea kulia waingia kushoto. Zungushia nukta za sifuri pembeni, upana wa gridi uwe mara mbili.

Na LED je? (Bamburi)

LED nyekundu ya nanomita 630 yenye upana wa nanomita 20 hivi, mawimbi yake yapatana kwa mikroni 20 za safari tu. Gawanya huo upana wa nanomita 20 uwe rangi rangi, endesha kila rangi peke yake, kama kumi hivi waanza nazo, halafu zijumlishe vile vile, mraba kwanza.