Duka linajaa wateja, hela haionekani

Pole dada. Unasema duka lako la vipodozi linajaa wateja na mzigo unaisha, lakini hela ya kuagiza mwingine haipatikani, na unataka kumfukuza binti wa kaunta leo leo. Subiri kwanza.

Hesabu mzigo mwenyewe, jioni, bila kumtaarifu. Uliokuwepo, jumlisha ulioingia, toa uliobaki: hicho ndicho kilichouzwa. Zidisha kwa bei, linganisha na hela uliyokabidhiwa. Rudia baada ya wiki. Anza na vitu vidogo vya bei kubwa kama manukato. Sabuni za miche hazina haraka.

Kisha malipo ya simu, maana hapo ndipo pana uchochoro: mteja akiuliza namba, muuzaji anamtajia ya kwake. Chukua Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, ibandike ukutani kwa maandishi makubwa, na hakikisha meseji zinaingia kwenye simu yako. Na usimwachie mtu mmoja kuuza, kupokea mzigo, na kushika daftari vyote pamoja.

Ukithibitisha upungufu, mpe tuhuma kwa maandishi, ajieleze. Ukimfukuza kwa hasira tu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, inaweza kukuamuru umlipe fidia, hata kama kweli aliiba.