Bando la bila kikomo: hawakufukuzi, wanakuchosha mpaka uondoke mwenyewe

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa hivi: mtandao unaotumia huko Tanzania kwenye rauta ya nyumbani umekutumia ujumbe kwamba kifurushi chako cha mwezi cha bila kikomo kitaondolewa, na unauliza kama kupiga kelele kunasaidia au ni kujichosha tu. Waliotangulia wamekwambia uhame, wengine wanataka tususie wote kwa pamoja. Mimi niko Houston tangu kabla sinema hii haijaanza Marekani, na nilishikilia laini ya aina hiyo kwa miaka baada ya kuacha kuuzwa. Ngoja nieleze nilichokiona. Kampuni niliyokuwa nayo siitaji. Nitakaowataja, nawataja kwa mambo yaliyoandikwa magazetini kila mtu akayasoma.

Jibu la haraka: kelele hazirudishi kifurushi. Zinachoweza ni kuzuia hila zinazokuja baada ya kifurushi kufungwa, na wengi hawazioni hila hizo kwa sababu kwa wakati huo hasira zimeshapoa.

Huku walioanza ni kampuni ya simu AT&T. Tarehe 7 Juni 2010 waliacha kuwauzia wateja wapya bando la dola 30 kwa mwezi lisilo na kikomo, wakaleta mawili: dola 15 kwa MB 200 na dola 25 kwa GB 2. iPhone 4 ilikuwa inatoka mwezi huohuo, na enzi hizo ukitaka iPhone Marekani ni kwao tu, hakuna pengine. Walioumia kuliko wote ni walionunua iPad ya 3G. Ilitoka mwisho wa Aprili ikinadiwa kwamba unalipia intaneti isiyo na kikomo mwezi kwa mwezi bila mkataba, na haikupita hata miezi miwili ofa ikafungwa. Kampuni ikajitetea kwa takwimu: asilimia 65 ya wateja wake wa simu janja hawafikishi MB 200 kwa mwezi, na asilimia 98 hawafikishi GB 2, kwa hiyo wengi watalipa pungufu. Kwa mwezi ule ilikuwa kweli kabisa. Lakini 2010 nani alikuwa anaangalia mpira mzima kwenye simu? Walipima watu ambao hata kuanza kutumia hawajaanza, wakaweka ukuta pale watakapofika kesho.

Verizon, kampuni nyingine kubwa ya simu, wakafuata tarehe 7 Julai 2011. Dola 30 ambazo jana yake zilikupa kila kitu sasa zikawa za GB 2, GB 5 dola 50, GB 10 dola 80, na ukizidisha unalipa dola 10 kwa kila GB.

Watu walifanya nini? Kwanza walikimbilia kujiunga kabla ya tarehe ya mwisho, hata wasiohitaji. Halafu wakatukana mitandaoni. Halafu kimya. Na kimya hicho kilikuwa na sababu: kampuni zote mbili ziliwaambia wateja wa zamani, nyinyi bakini na bando lenu. Hapo ndipo nilipowavulia kofia. Sisi tuliokuwa ndani hatukuwa tena na sababu ya kulalamika, tena tulianza kujiona wajanja. Waliokuwa nje hawakuwa na kitu cha kupokonywa. Umma wa wateja umegawanywa vipande viwili bila mtu kurusha jiwe.

Sasa ndiyo unaanza kuchoshwa, na hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole.

Walianza na spidi. Kuanzia Oktoba 2011 AT&T waliwabana asilimia 5 ya wateja wa bila kikomo wanaotumia zaidi. Machi 2012 wakaweka namba wazi: ukifika GB 3 kwenye simu ya 3G, au GB 5 kwenye LTE (yaani 4G), spidi inashushwa mpaka mzunguko wa bili uishe. Angalia hesabu ilivyokaa. Wakati huo mteja mpya alikuwa analipa dola 30 kwa GB 3. Wa zamani analipa dola 30 zilezile kwa "bila kikomo", na GB 3 zikiisha anabaki na intaneti ya kusoma maandishi tu, video hazifunguki. Yaani bando lilikuwa lilelile, jina ndilo tofauti.

Ikafuata simu yenyewe. Marekani ya wakati ule ulikuwa unasaini miaka miwili, unapewa iPhone kwa dola 199 badala ya 649. Tarehe 28 Juni 2012 Verizon walisema mteja wa bila kikomo akichukua simu kwa bei ya mkataba, bando lake limekwenda. Akitaka kubaki nalo anunue simu kwa bei kamili. Hawajakuvunjia mkataba, wala hawajakufukuza. Wanasubiri tu simu yako ipasuke kioo. Nilikuwa nanunua simu zilizotumika ili nisiguse chochote kwenye akaunti, na hilo nalirudia kwa makusudi: usiguse. Jamaa wengi tuliokuwa nao huku walipoteza laini zao kwa kwenda dukani kuuliza jambo jingine kabisa, muuzaji akawapa ofa nzuri, wakasaini. Laini hizo za zamani zilifikia kuuzwa kwenye eBay, soko la mtandaoni, mtu anamrithisha mwenzake akaunti, na wanunuzi walikuwepo.

Mwisho bei. Novemba 2015 Verizon waliongeza dola 20 kwa mkupuo, bando la dola 29.99 likawa 49.99. AT&T walikwenda kwa hatua, kutoka 30 hadi 35 Februari 2016, kisha 40 mwaka uliofuata. Kuna waliobaki hata baada ya hapo, na kwao 2016 ikaja kauli ya mwisho: Verizon waliwaandikia wanaopitisha GB 100 kwa mwezi kwamba wachague kifurushi chenye kikomo au laini ikatwe. Ni wachache mno hao, lakini walikuwa wamevumilia yote yaliyotangulia, mpaka unawaonea huruma.

Sasa swali lako la kelele. Katika miaka yote hiyo nimeona mambo manne yaliyowatikisa, na hashitegi haimo.

La kwanza, mteja mmoja alikwenda mahakama ndogo ya madai huko Simi Valley, California, Februari 2012, akawashtaki AT&T kwa kumbana spidi, na hakimu akampa dola 850. Nchi nzima ilicheka. Lakini kuna sababu alikwenda peke yake kwenye mahakama ndogo: mkataba ulikataza wateja kujiunga kwenye kesi moja kubwa, na Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilikuwa imeshabariki kifungu hicho mwaka 2011, kwenye kesi ya AT&T hao hao. Mlango uliobaki wazi ni ule mdogo. Aliusoma mkataba, akaupata.

La pili ni mdhibiti kuuliza swali hadharani. Mwaka 2014 Verizon walitangaza kwamba kuanzia Oktoba 1 nao watawabana wateja wa bila kikomo wa LTE wanaotumia zaidi, pale mnara unapojaa. Tom Wheeler, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano FCC, akawaandikia barua na kuitoa wazi, akihoji vipi msongamano wa mnara uangalie aina ya bando la mtu. Siku ileile ya kuanza, wakafuta mpango. Hii ndiyo mara pekee niliyoona hila ikizuiwa kabla haijaanza.

La tatu ni kesi ya serikali, na hapa andaa subira. Oktoba 2014 tume ya biashara FTC iliwashtaki AT&T kwa kuuza "bila kikomo" na kubana, ikisema wateja wasiopungua milioni 3.5 waliguswa. Kampuni ikapinga hata mamlaka ya tume kuishtaki, kesi ikazunguka mahakamani, na Novemba 2019 wakakubaliana dola milioni 60. Ukizigawa sawa kwa watu milioni 3.5 haifiki dola 20 kwa kichwa, tena miaka minane baada ya kubanwa.

La nne ndilo lililorudisha bando lenyewe: mshindani mwenye njaa. Agosti 2016 T-Mobile na Sprint, waliokuwa wa tatu na wa nne sokoni, walitangaza siku moja vifurushi vipya vya bila kikomo. Februari 2017 Verizon wakarudisha chao kwa dola 80 kwa laini moja, na wiki hiyohiyo AT&T wakafungulia kila mtu. Miaka sita walikuwa wanatuambia haiwezekani, minara haitabeba. Walipoanza kupoteza wateja, ikawezekana ndani ya wiki moja. Mimi nami niliachia laini yangu ya kale kipindi hicho, maana haikuwa na faida tena.

Ila kilichorudi hakikuwa kilekile. Baada ya GB 22 unaweza kupunguziwa spidi mnara ukiwa na msongamano. Agosti 2017 Verizon wakakigawa madaraja, na kwenye cha bei ya chini video ya simu ikawekwa mwisho 480p, yaani ubora wa chini. Na 2018, moto mkubwa wa Mendocino ukiwaka California, zimamoto wa kaunti ya Santa Clara waligundua intaneti ya gari lao la mawasiliano imebanwa na Verizon ilhali wanalipia bila kikomo, na walipoomba spidi irudi wakaelekezwa kwenye kifurushi cha bei ya juu zaidi. Kampuni baadaye ilikiri kwamba huduma kwa wateja ilikosea. Kwa hiyo ukisikia "bila kikomo" siku hizi, uliza kikomo kimefichwa kwenye nini: GB, spidi, ubora wa video, au hotspoti.

Kuna mdau hapo juu amesema ni wizi mtupu, data haiishi kama mafuta. Nusu amepatia. GB moja unayopakua saa tisa usiku haimgharimu mwenye mnara karibu chochote. GB hiyohiyo saa mbili usiku, mtaa mzima uko nyumbani na kila mtu ana video, inamnyima jirani, kwa sababu mnara una masafa ya redio yaliyopimwa na wote walio chini yake wanagawana dakika ileile. Kwa hiyo gharama iko kwenye saa ya msongamano, wala si kwenye jumla ya mwezi. Kwa maoni yangu kumbana mtu pale tu mnara unapojaa ni haki zaidi kuliko kumkatia kwa kuwa amefikisha namba fulani tarehe 15. Na ndiyo maana rauta yako ya 4G imelengwa mapema: inakula masafa yaleyale ya simu, tena usiku kucha na runinga juu. Mwenye faiba (intaneti ya waya) hana ugomvi huo wa mnara, ingawa naye anaweza kuwekewa ukomo wake.

Tofauti ya nyumbani na huku ni moja, na haikusaidii. Sisi tulikuwa na bili ya mwisho wa mwezi na mkataba, ndiyo maana tuliachwa na bando la zamani. Wewe unanunua mwezi kwa mwezi. Mwezi ukiisha, kifurushi wakikitoa kwenye menyu huna cha kung'ang'ania. Lakini Tanzania kelele zimewahi kufanya kazi kwa kasi ambayo sikuiona huku: Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza, watu walilipuka na serikali ikazisitisha mara moja. Ila hapo iliguswa nchi nzima kwa siku moja. Nyinyi wenye rauta ya bila kikomo ni wachache, na anayenunua bando la siku la kuangalia WhatsApp hatakuja kuwapigania.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Piga picha ujumbe huo, na tangazo walilokuuzia kama bado lipo kwenye kurasa zao, kabla halijafutwa. Usikubali "kuhamishiwa" kifurushi kipya kwa simu mpaka mwezi uliolipia uishe. Ingia kwenye rauta uangalie unatumia GB ngapi hasa, maana nimeona watu wakigombania bila kikomo na matumizi yao yanatosha ndani ya kifurushi cha kawaida cha bei ndogo. Kama umelipia miezi mbele, au ulinunua rauta kwa sababu ya ofa hiyo, hapo una hoja: iandikie kampuni, udai namba ya lalamiko, na wasipokujibu ipeleke TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, kwa maandishi. Kuna pia baraza la watumiaji wa mawasiliano, TCRA CCC, kazi yake ni kukusikiliza wewe. Kama hujalipia mbele, usipoteze mwezi kulalamika. Kuhama mtandao na namba yako kunawezekana tangu 2017, ingawa kwa laini ya rauta namba si kitu, chukua laini nyingine tu. Kabla ya kununua, azima laini ya mtandao unaotaka kuhamia, iweke kwenye rauta yako saa mbili usiku, sebuleni kwako, uone video inakwenda au inazunguka.

Halafu rudi utuwekee ujumbe wao wote hapa, pamoja na yale maandishi madogo ya vigezo na masharti.