Pedeli kuzunguka bure kwenye theluji

Ndugu, pole na baridi ya Minneapolis, huko Marekani. Umeuliza kwa nini asubuhi pedeli za baiskeli yako zinazunguka bila kusukuma gurudumu, na ufanye nini usiteleze kwenye barafu. Pedeli kuzunguka bure asubuhi si cheni iliyochoka, ni friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachoshika ukikanyaga pedeli na kuachia ukiacha: grisi imekuwa nzito, vimeno vya ndani havinyanyuki vikashika. Ukiingiza baiskeli ndani ina theluji, maji yanapenya humo, na ukitoka yanaganda. Ilaze kwenye kibanda kisicho na hita. Fundi aifungue friwili, asafishe grisi yote, atie oili nyepesi.

Kuhusu kuteleza kwenye barafu, nunua tairi za misumari, yaani zenye vijino vya chuma vinavyong'ata barafu. Ukimudu moja tu, funga mbele, maana gurudumu la mbele likiteleza umeshaanguka. Kilomita 40 za kwanza endesha taratibu kwenye lami, bila breki za ghafla, misumari ikae vizuri. Chumvi ya barabarani inakula cheni. Ifute kila jioni.