Usiku mmoja kwenye meli kubwa ya kitalii: jibu la niliyepanda mara mbili

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama usiku mmoja kwenye meli kubwa ya kitalii una maana au ni kutupa hela, na kama mama yako, mwenye magoti mabovu na tumbo linalochafuka upesi, ataimudu safari. Nimepanda mara mbili, zote za usiku mmoja, na ya pili nilikuwa na mama yangu. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Maana ipo, na mama ataweza. Ila elewa kwamba saa zenu ni chache. Mnapanda mchana, meli inatoka gatini jioni, na kesho yake asubuhi mnashushwa ili wengine wapande. Mara ya kwanza nilifika bandarini dakika za mwisho nikijua meli haiondoki hadi jioni. Nikapoteza kipindi kitulivu kuliko vyote, maana watu wakiwa bado wachache ndipo mabwawa ni matupu na viti vya kando ya bahari havigombaniwi. Halafu nikakabidhi begi langu kwa wapagazi kama nilivyoona wenzangu wakifanya. Lilifika mlangoni pangu usiku, tumeshakula, mimi bado nina shati la jasho la safari. Kwa usiku mmoja usikabidhi begi kabisa. Beba mkoba mdogo wenye nguo za kulalia, za kuogelea, sweta na dawa za mama, ukae nao mkononi, na asubuhi mtashuka nao bila kungoja mzigo.

Chumba ndicho cha kukifikiria sana. Kwa ajili ya tumbo na magoti ya mama, omba cha sitaha, yaani ghorofa ya meli, ya chini kidogo, katikati ya meli, karibu na lifti. Meli hupanda na kushuka kama ubao wa bembea: anayekaa kwenye ncha hurushwa, aliye katikati husikia kidogo tu. Meli hizi zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba, kwa hiyo bahari ikitulia unaweza kusahau kabisa kwamba uko majini. Lakini usimwambie mtu kwamba haitayumba. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla, kwa sababu akishaanza kutapika haina tena pa kukaa. Nyingi zinaleta usingizi, na kama anatumia dawa nyingine, muulizeni daktari au mfamasia kwanza. Akijisikia vibaya, mtoe nje atazame mstari wa upeo wa macho, asitazame simu.

Kuhusu magoti, sikufichi. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake 2024, ina urefu wa karibu mita 365 na sitaha 20. Hata meli ndogo kuliko hiyo, kutoka tezi hadi omo, yaani nyuma hadi mbele, ni mwendo. Omba kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi, msisubiri mpaka mfike gatini. Na msijaribu kuona kila kitu. Mimi na mama tulichagua vitu viwili, mlo wa jioni na kukaa nje, hayo mengine tukayaacha.

Jambo moja nakusihi. Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria waliopanda jioni ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura, maana kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Kuanzia 2015 linatakiwa lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka, kwa safari zinazozidi saa 24. Yenu huenda ikawa fupi kuliko hapo, kwa hiyo msingoje kuitwa. Mkishaona chumba, tembeeni kwa miguu hadi kituo chenu cha kukusanyikia, mkipitia ngazi, kwa sababu kukiwa na dharura lifti hazitumiki. Honi saba fupi na moja ndefu ndiyo ishara. Mama apajue mwenyewe, asikutegemee wewe.

Simu iweke kwenye hali ya ndege kabla hamjaacha gati. Mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti, na unaweza kukata hela nyingi kabla hujagundua. Uliza pia kama bahshishi ya wahudumu inaingizwa moja kwa moja kwenye bili.

Sasa kile nilichokifuata mara ya pili. Meli ikishatoka bandarini, wengi hukimbilia kula. Sisi tulibaki ukingoni, upande wa demani, ule uliokingwa na upepo. Boti ndogo ikaja kasi, ikajibana ubavuni mwa meli, zote mbili zikiendelea na mwendo. Mlango ukafunguka chini kabisa karibu na maji, rubani wa bandari, yule anayemwongoza nahodha kwenye mkondo, akatoka na kushuka ngazi ya kamba. Akangoja boti ipandishwe na wimbi, akakanyaga, akaachia kamba. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama. Aliniuliza kama asubuhi atarudi. Nikamwambia lazima rubani aje tena, meli haiingii bandarini hivihivi.

Saa kumi na moja alfajiri nikashtuka kitanda chake kitupu. Nikamkuta nje amejifunga shuka, amesimama palepale, anatafuta taa ya ile boti.