Ningemrudia Tammy Wynette, na George Jones ningemwacha mlangoni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma lilikuwa hili: ukipewa pesa za kutengeneza filamu ya televisheni kuhusu maisha ya nyota wa muziki wa kantri, utamchagua nani, na utaanzia wapi? Nahisi barua nyingi zitakuja na jina la Dolly Parton au la Kenny Rogers, maana hao ndio redio zetu zimetulea nao. Hapa Kenya kantri si mgeni; Elvis Otieno, tunayemwita Sir Elvis, amejijengea jina Nairobi kwa kuziimba nyimbo hizo. Mimi namchagua Tammy Wynette, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyeimba "Stand by Your Man". Na kabla sijatafuta mwigizaji, ningetaka kujua kisa ninachokwenda kukipiga picha kinatoka kinywani mwa nani.

Tammy ameshaigizwa kwenye televisheni mara mbili, na mara zote mbili jibu la swali hilo ndilo lililoiamua filamu. Ya kwanza ilionyeshwa na kituo cha Marekani cha CBS mwaka 1981, Annette O'Toole akiwa Tammy, na ilitokana na kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1979. Wakati huo alikuwa hai, bado anarekodi, na yuko katika ndoa yake ya tano, na George Richey. Mtu wa namna hiyo hamwagi mtama wote uwanjani. Ana mume sebuleni, ana watoto wanaosoma magazeti, ana tiketi za kuuza wikendi.

Ya pili, "George & Tammy", ilianza kuonyeshwa na kituo kingine cha huko, Showtime, Desemba 2022 ikiwa na sehemu sita, Jessica Chastain akiwa Tammy na Michael Shannon akiwa George Jones, mume wa tatu, naye nyota wa kantri. Hiyo ilitoka kwenye kitabu cha Georgette, mtoto pekee aliyezaliwa na wawili hao. Kufikia hapo Tammy alikuwa amefariki tangu 1998, Richey tangu 2010, Jones tangu 2013. Sasa anayesimulia ni binti, na binti ana hesabu zake na baba wa kambo. Richey wa filamu hiyo, anayeigizwa na Steve Zahn, ni mtu wa kuogopwa. Mwaka 2023 mjane wa Richey akaipeleka Showtime mahakamani, akidai marehemu mumewe amechafuliwa, na kwamba Georgette alikuwa amefungwa na makubaliano ya kutomsema vibaya. Marehemu hashtaki, lakini huacha watu.

Siilaumu filamu yoyote kati ya hizo. Ile ya 2022 niliipenda sana, hasa Shannon, ambaye hakujaribu kumwiga Jones kama kasuku. Lakini nilipomaliza sehemu ya sita nilijiona nimekaa saa nyingi ndani ya ndoa ya watu. Chupa, mlango unaobamizwa, machozi, wimbo. Kisha chupa tena. Ndoa yenyewe ilidumu kuanzia 1969 hadi 1975. Tammy aliimba kabla yake na aliimba baada yake.

Chukua kile kisa cha mashine ya kukatia nyasi, ambacho kila mwandishi wa filamu hukitamani. Jones alisimulia kwamba mke wake wa pili alificha funguo za magari yote ili asiende kunywa, naye akaona funguo ya mashine ya kukatia nyasi imebaki, akaipanda, akaenda nayo taratibu hadi dukani kwa pombe. Tammy, aliyekuja baada ya mke huyo, naye anacho kisa kama hicho kitabuni mwake: aliamka usiku, kitanda kitupu, akamfuata na kuikuta mashine imeegeshwa nje ya baa. Huenda Jones alifanya hivyo mara mbili, alikuwa anaweza. Huenda kisa kimoja kiligura kutoka ndoa moja hadi nyingine kwa sababu kinachekesha. Mwelekezi hana namna ya kupima. Akikipiga picha, keshachagua mke wa kumwamini.

Mashine ya nyasi ni kichekesho, lakini kuna lile la Oktoba 1978. Tammy alisema alitekwa kwenye maegesho ya duka kubwa la Nashville na mtu aliyejificha ndani ya gari lake, akapigwa, akaachwa mbali kusini mwa mji. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Baadaye binti yake mwingine aliandika kitabu chenye maelezo tofauti kabisa na ya mama. Ningelifanyaje hilo? Nisingelifanya. Ukimwonyesha mtekaji, umeapa kwamba alikuwepo. Ukionyesha nyumba bila mtekaji, umemfanya mama wa watu mwongo mbele ya mamilioni, naye hawezi kujibu.

Ndiyo maana filamu yangu ingekaa mahali padogo: kuanzia 1965 hadi 1968. Hapo Jones bado hajawa mume, na shahidi mkuu ni kanda za studio, ambazo hazimpendelei mume wala binti.

Ningeanzia Birmingham, Alabama. Virginia Wynette Pugh, mtoto wa mashamba ya pamba ya Mississippi, ana binti watatu wadogo na ndoa ya kwanza imevunjika. Anafanya kazi ya ususi saluni, na kabla ya saluni kufunguliwa, alfajiri, anaimba kwenye kipindi cha televisheni ya pale mjini, "Country Boy Eddie". Hebu fikirini picha hiyo: taa za studio saa ambayo watu wanakamua ng'ombe, kisha mikono ileile kwenye sabuni na vichwa vya wateja. Leseni yake ya ususi aliendelea kuilipia kila mwaka hata alipokuwa tajiri, asije akarudi alikotoka bila kazi. Hilo moja linanieleza Tammy kuliko ugomvi wowote.

Mwaka 1966 anahamia Nashville na watoto, anabisha milango ya kampuni za rekodi, anakataliwa, hadi anaingia ofisini kwa mtayarishaji Billy Sherrill wa kampuni ya Epic. Sherrill ndiye aliyempa jina la Tammy. Hapa ningetumia muda mwingi bila haraka. Watazamaji wa televisheni wana subira kuliko wa sinema. Wako nyumbani, chai iko karibu. Ningewaonyesha wimbo ukirudiwa na kurudiwa, mpiga gitaa la stili (lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi) Pete Drake akitafuta mahali pa kuingia, Sherrill akitaka sauti ianze chini kama mtu anayenong'ona halafu ipande ghafla. Kisha "Stand by Your Man", 1968, uliotungwa na wawili hao kwa muda mfupi sana, robo saa hivi kwa maelezo ya Tammy. Wimbo wa kumvumilia mume, unaoimbwa na mwanamke ambaye ndoa yake ya pili ilikuwa inakwisha. Nisingeweka mtu wa kulieleza hilo. Jones angeonekana mara mbili tatu hivi, akipita mlangoni.

Dolly Parton alifanya jambo la aina hii mwaka 2015, kwenye filamu ya NBC ya utoto wake Tennessee. Msichana wa miaka 9, familia, kanisa, koti la viraka. Hakuna umaarufu hata kidogo, na karibu watu milioni 13 walitazama. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watayarishaji, kwa hiyo ni kumbukumbu yake, lakini angalau hakuficha kwamba ni yake.

Kuhusu kuimba: mwigizaji wangu angeimba mwenyewe, kama Chastain alivyofanya. Pesa zina neno hapa. Ukitumia rekodi ya asili unalipa wenye utungo na tena unalipa kampuni yenye rekodi. Mwigizaji akiimba, unabaki na wenye utungo. Lakini hata ningekuwa na pesa za kumwaga, ningefanya hivyohivyo. Kwenye "Sweet Dreams", filamu ya sinema ya 1985 kuhusu mwimbaji mwingine wa kantri, Patsy Cline, Jessica Lange anafuatisha midomo juu ya rekodi za Cline. Anaifanya kwa ustadi mkubwa, ila kila wimbo unapoanza mimi nasikia chumba kimebadilika. Kwa filamu inayohusu kujifunza wimbo hadi uive, hilo lingeniharibia kila kitu: siwezi kupata rekodi ya Tammy akikosea kwa namna ninayoitaka.

Na stesheni yoyote ya hapa kwetu itakayoinunua, ombi langu ni kwamba mazungumzo watie sauti za Kiswahili wakipenda, tumeshazoea tamthilia za Kituruki zinazozungumza kama watu wa Ilala. Wimbo ukianza, wanyamaze, waweke maandishi chini.

Msomaji wenu, Nakuru